Kumvua Blakibasi na Kurudi kwa Wakati

Blakibasi hafukuzi chakula mbali. Hujibanza penye kivuli, ubavuni mwa mafunjo, chini ya gogo lililozama au kwenye ukingo wa gugumaji, akingoja. Kinachopita karibu hukitazama kwanza. Akikitaka, hufungua lile domo lake pana ghafla, na maji yanayokimbilia ndani humletea windo hadi kooni. Yote hayo hutokea kabla hujakopesa jicho. Akigundua kwamba alichomeza si chakula, hukitema kwa kasi ile ile. Mvuvi wa mshipi anaufanyia kazi mwanya huo mdogo kati ya kumeza na kutema. Ustadi wake wote, kuanzia anavyofunga fundo hadi anavyokaa mtumbwini, unalenga kuutambua mwanya huo kabla haujapita.

Asili ya samaki huyu ni Amerika Kaskazini. Aliletwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na baadaye akaongezwa tena. Ujio wake haukuwa wa heri tupu: ziwa lilikuwa na kisamaki chake kidogo cha asili, na tangu mwaka 1962 hakijaonekana tena. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, ambao kwao ni kusini mwa Marekani. Blakibasi wakubwa wa Naivasha wakawafanya chakula chao kikuu. Wageni wawili wa bara moja wakakutana katika Bonde la Ufa, mmoja akamla mwenzake. Anayejua hilo anajua pia kwa nini chambo cha rangi ya kahawia iliyoiva, kinachoburuzwa taratibu penye mawe, hufanya kazi vizuri huko.

Nimepata bahati ya kukaa mtumbwi mmoja na mwalimu mstaafu wa Naivasha na mkewe, wavuvi wote wawili, na mengi ninayoyaeleza hapa nimeyaona mikononi mwao. Jambo la kwanza alifanyalo mwalimu akifika ziwani ni kutofanya lolote. Hukaa akitazama. Anamtazama mdiria anapopiga mbizi, kwa sababu penye mdiria pana visamaki, na penye visamaki mkubwa hayuko mbali. Anatazama upepo unasukuma uchafu kuelekea upande gani. Anazamisha kafi polepole na kuangalia linapotelea kwenye kina gani, na hapo anajua achague rangi ipi: maji yakiwa maangavu, mnyoo wa kijani unaopenyeza mwanga; yakiwa na tope baada ya mvua kuuteremsha mto Malewa, mnyoo mweusi au wa buluu iliyokolea, kwa kuwa katika maji machafu samaki huona kivuli cha kitu kabla ya kuona rangi yake.

Chambo anachokipenda ni mnyoo wa plastiki, laini, wenye urefu wa kama sentimita 15. Ukiuona dukani huwezi kuuthamini. Umelala tu, hauna mng'aro wala kengele. Lakini namna anavyouvika kwenye ndoano inafaa kutazamwa kwa utulivu. Kwanza hupitisha mshipi kwenye chubwi ndogo yenye umbo la risasi, ya gramu 7 au pungufu, akaiacha iteleze huru. Kisha hufunga ndoano. Fundo hulilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni ikisuguana ikiwa kavu hupata joto na kudhoofika, na fundo lililodhoofika hukatika siku ile ile anapokuja samaki mkubwa. Halafu hutoboa kichwa cha mnyoo kwa ncha ya ndoano, kiasi cha nusu sentimita, akaitoa pembeni, akaivuta hadi shingo ya ndoano ikazama, akaigeuza, na hatimaye akairudisha ncha ndani ya mwili wa mnyoo. Hapo huinua kazi yake mbele ya macho. Mnyoo lazima uning'inie ukiwa umenyooka kabisa. Ukijikunja hata kidogo, utazunguka majini kama bisibisi na kuusokota mshipi, na samaki hataugusa. Asiporidhika huutoa na kuanza upya. Sijamwona akitupa mnyoo uliopinda.

Namna hiyo ya kuficha ncha ilikomaa kwenye mabwawa ya Texas, yaliyojaa miti iliyozama, ambako ndoano iliyo wazi haifiki hatua mbili kabla ya kukwama. Naivasha, pamoja na mafunjo na gugumaji lake, inaihitaji vile vile. Mnyoo uliofichwa ncha hupenya pale samaki alipo, si pembeni mwa pale alipo.

Kisha kuna kutupa. Mwalimu hainui fimbo juu ya kichwa kama anayefukuza ndege shambani. Huipeleka kando, chini, kwa kifundo cha mkono, ili mnyoo uruke karibu na uso wa maji na kuingia chini ya mafunjo yaliyoinama. Unapokaribia kutua, kidole chake hugusa mshipi unaotoka kwenye rili na kuupunguza mwendo, nao unaingia majini bila kishindo. Halengi samaki kichwani. Hutupa mbele kidogo ya pale anapomdhania, ili chambo kije kwake kwa mwendo wa kiumbe kinachopita.

Sasa linakuja jambo ambalo wanaoanza hulikosa, nami naliona ndilo kiini cha ufundi wote. Mnyoo ukishagusa maji, mgeni huanza kuzungusha rili papo hapo. Mwalimu huuacha uanguke. Mara nyingi samaki huuma wakati huo wa kuanguka, na mkono hauhisi kitu, kwa sababu mshipi haujakazika. Kwa hiyo yeye hasikilizi kwa mkono. Anatazama pale mshipi unapoingia majini. Ukisimama kabla ya kina chake, ukipiga mshtuko mdogo, au ukianza kwenda kando bila upepo, kuna mdomo upande wa pili. Mkewe ndiye mwenye macho makali zaidi katika hili. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Baba, mshipi wako umesimama," naye mwalimu, aliyekuwa amegeuka kumtazama furukombe, alishusha ncha ya fimbo, akaondoa ulegevu, akapiga. Blakibasi akaruka nje ya maji akitikisa kichwa. "Mama ndiye aliyemwona," akaniambia mwalimu, kana kwamba samaki alikuwa wa mkewe. Na kwa kweli alikuwa wake.

Mnyoo usipoumwa wakati wa kuanguka, mwalimu huinua ncha ya fimbo polepole hadi mnyoo uondoke chini kwa kiasi cha shubiri chache, kisha huishusha na kukusanya ulegevu, akangoja tena. Huinua, hushusha, hungoja. Mkono wenye mazoea hutofautisha mambo mengi chini huko. Gugu huvutika na kurudi. Jiwe hugonga kwa ukavu. Mti huburuza. Samaki hugonga mara moja au mbili kwa wepesi, kisha kunakuwa na uzito ulio hai, au wakati mwingine utupu, kana kwamba chubwi imetoweka, kwa sababu ameubeba mnyoo akija upande wako. Huo utupu ndio unaowaponyoka wengi. Mwalimu haupuuzi hata siku moja. Akiona uzito umepotea hukusanya mshipi upesi na kupiga kwa nguvu za kiuno, si za mkono peke yake, kwa kuwa ncha iliyofichwa inabidi itoboe plastiki kwanza ndipo ifike kwenye taya.

Ana desturi nyingine ninayoiheshimu. Dume la blakibasi ndilo linalotengeneza kiota: hupepeta mchanga kwa mkia penye kina kifupi mpaka pakabaki duara jeupe, jike hutaga na kuondoka, na dume hubaki likilinda mayai na baadaye vifaranga. Katika siku hizo hushambulia chochote kinachokaribia, njaa au hapana, na ni rahisi kulivua kuliko wakati mwingine wowote. Mwalimu akiliona duara hilo hupiga kafi na kupita. Anasema samaki aliyeuma kwa sababu ya wajibu hajashindwa na mvuvi. Majike makubwa nayo huyarudisha, kwani ndiyo yanayobeba mayai mengi. Anayempeleka nyumbani ni wa kati, wa kutosha sufuria. Anayerudishwa hushikwa kwa mikono iliyoloweshwa, kidole gumba kwenye mdomo wa chini, kiganja kingine chini ya tumbo, bila kuning'inizwa kwa pembe inayoumiza taya.

Kurudisha samaki majini kulipata msukumo mkubwa Marekani kupitia Ray Scott, wakala wa bima wa Alabama aliyeandaa mashindano yake ya kwanza kwenye ziwa la Beaver, Arkansas, mwaka 1967, akaanzisha chama cha wavuvi wa blakibasi mwaka uliofuata, na kufikia mwaka 1972 akawataka washindani wawatunze samaki hai na kuwaachia baada ya kupimwa. Mashindano hayo yaliujengea uvuvi huu sura ya mwanaume mmoja, boti yenye injini kubwa na siku nzima majini. Sura hiyo imesafiri dunia nzima, na imeleta huzuni katika nyumba nyingi, kwa sababu kijana anayeanza huamini kwamba bila kupotea Jumamosi yote hawezi kuwa mvuvi.

Historia yenyewe inasema vingine. Huo mnyoo wa plastiki ulitoka jikoni. Mwaka 1949, huko Akron, Ohio, fundi mitambo Nick Creme na mkewe Cosma walichemsha plastiki, mafuta na rangi nyumbani kwao, wakaimimina kwenye kalibu zilizotengenezwa kutokana na minyoo halisi, na baadaye wakaanza kuiuza kwa posta. Kabla yao, mwaka 1936, mvuvi wa Ufini Lauri Rapala alikuwa amechonga chambo chake cha kwanza kwa kisu cha fundi viatu, akatumia gome la kizibo, akakifunika kwa karatasi za bati za chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Alikuwa amewatazama samaki ziwani kwa muda mrefu na kuona kwamba mwindaji humchagua yule anayeyumba. Kazi hiyo ilikua ndani ya familia, wanawe wakichonga pamoja naye, hata chambo hicho kikafika Marekani na kuwa miongoni mwa silaha za kawaida za wavuvi wa blakibasi.

Hata rekodi ya dunia ya blakibasi mzito zaidi ina jikoni ndani yake. Tarehe 2 Juni 1932, George Perry, kijana wa shamba wa Georgia, alivua blakibasi wa zaidi ya kilo 10. Samaki huyo alipimwa, akaandikishwa, kisha familia ikamla. Miaka 77 baadaye, mwezi Julai 2009, Manabu Kurita alivua wa uzito unaokaribiana mno na huo katika ziwa la Biwa, Japani, na wawili hao wakatambuliwa kuwa sawa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Jimmy na Chris Houston wa Oklahoma. Jimmy alikuwa mvuvi bora wa mwaka katika chama cha Ray Scott mwaka 1976 na tena 1986, na watazamaji wa televisheni wanamkumbuka kwa kuwabusu samaki kabla ya kuwaachia. Mwaka huo huo wa 1976 Sugar Ferris alianzisha Bass'n Gal, chama cha wanawake wavuvi wa blakibasi, na Chris akaja kuwa mvuvi bora wa mwaka wa chama hicho mara 7. Nyumba moja, mabingwa wawili, na kwa hesabu ya mataji hayo mke amemzidi mume. Hakuna aliyemsubiri mwenzake dirishani.

Sisemi kila mwenzi lazima avue. Mke wa mwalimu mwenyewe hakwenda ziwani miaka mingi. Ana kibanda cha nguo sokoni, na Jumamosi ndiyo siku yake ya wateja. Aliniambia jambo ambalo wavuvi wangelisikia mapema wangeepuka ugomvi mwingi: "Samaki sina neno nao. Neno langu lilikuwa kukaa sijui anarudi saa ngapi." Huko Naivasha, hiyo si hofu ya bure. Asubuhi ziwa hutulia, lakini alasiri upepo huinuka na mawimbi huwa makubwa kuliko mtumbwi mdogo unavyoweza kuyabeba. Viboko, waliokuwa malishoni usiku kucha, hurudi majini alfajiri wakipitia mafunjoni, pale pale mvuvi anapotaka kutupa mnyoo wake. Mwanamke aliyeachwa bila saa ya kurudi hahesabu dakika za kuchukia. Anahesabu dakika za kuogopa, na hasira ya jioni huzaliwa na hofu hiyo.

Walichopatana ni chepesi. Mwalimu hutoka kukiwa na giza, hungoja ufukweni hadi mwanga wa kutosha kuwaona viboko, na saa nne asubuhi yuko kibandani akimsaidia kutundika nguo. Jumapili jioni wakitaka huenda wote, na hapo mama huchukua fimbo nyepesi na chambo kinachoelea, maana anapenda kuona samaki anavyopasua maji. Simu huwa na chaji. Akichelewa kwa sababu yoyote, anapiga kabla ya saa nne, si baada yake.

Na mpango huo haumnyimi kitu. Blakibasi hula kwa bidii mwanga unapokuwa hafifu: alfajiri, machweo, na siku za mawingu. Jua likipanda huingia ndani zaidi ya kivuli au kwenye kina, na kumtafuta kunakuwa kazi ya saa nyingi kwa mavuno machache. Anayekaa ziwani tangu alfajiri hadi jioni ametumia sehemu kubwa ya siku akivua wakati mbaya. Nimewatazama pia wanaofika baada ya kugombana mlangoni. Mnyoo wao hautulii chini. Wanauinua kabla haujafika, wanazungusha rili huku wakitazama simu, na samaki anayegonga mara moja kwa wepesi hawamjui kabisa. Kwa mvuvi wa aina nyingine ya samaki labda haidhuru. Kwa huyu, ambaye ustadi wake wote ni kungoja na kutambua mguso mdogo, moyo uliochafuka ni sawa na kuvua bila ndoano.

Pesa nazo zizungumzwe mapema, na zizungumzwe kwa tarakimu. Maduka ya vifaa yana vyambo vya kila rangi, na vingi vimetengenezwa kumvutia mvuvi kuliko samaki. Sanduku la mwalimu linaingia kwenye mfuko wa koti: minyoo ya rangi tatu, ndoano, chubwi za uzito wa aina mbili, chambo kimoja kinachoelea na kimoja chenye kijiko kinachozunguka. Mshipi hubadilishwa unapoanza kukwaruza kidole. Rili yake ni ya zamani, na huipaka mafuta mwenyewe mezani baada ya chakula cha usiku huku mkewe akipiga hesabu za kibanda. Nafikiri wengi wanaonunua fimbo ya tatu kwa siri wanatafuta ustadi ambao wangeupata bure kwa kujifunza kuuacha mnyoo uanguke.

Ukitaka kuanza, pata kwanza leseni ya uvuvi na uulize kama msimu uko wazi. Vaa jaketi la kuokolea maisha hata kama unajua kuogelea. Panda na mwenyeji anayejua njia za viboko. Nunua minyoo myeusi na ya kijani, ujizoeze kuivika mezani mpaka ining'inie wima kila mara, kisha uchague kona moja ya mafunjo na uivue polepole, badala ya kuzunguka ziwa zima. Na Ijumaa usiku, kabla hujaandaa chochote, mwambie mwenzako unakokwenda, unayekwenda naye na saa ya kurudi. Muulize pia kama angependa kuja. Huenda ana macho makali kuliko yako.